Ushahidi ni Juu ya Mwenye Kudai: Namna ya Kupima Madai ya Waganga na Watabiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyeumba maradhi na akaumba sababu za kupona. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake, pamoja na kila mwenye kufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ni jambo lisilofichika kwa yeyote anayeishi katika miji yetu kwamba soko la tiba limepanuka mno. Kwenye nguzo za umeme pamebandikwa karatasi za mganga anayetibu kisukari, anayerudisha mume aliyetoroka na kushinda kesi mahakamani, vyote kwa namba moja ya simu. Redioni yuko mwenye kuwasomea watu nyota zao. Maduka ya dawa za kisuna yanauza chupa ambayo karatasi yake imeorodhesha maradhi kutoka kichwani mpaka unyayoni. Na wako wenye mashine ndogo ya kushika mkononi wanaodai kuwa kwa dakika chache itaonesha ugonjwa wa kila kiungo cha mwili.

Katika hotuba na darsa zetu, mambo haya huzungumzwa zaidi kwa upande wa shirki. Hilo ni haki, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Lakini lipo swali la pili ambalo halipewi nafasi yake: je, dai lenyewe ni la kweli? Muislamu aliyejiepusha na ramli na uchawi bado anaweza kuuziwa uongo usiokuwa na shirki ndani yake, akaacha dawa iliyokuwa ikimuweka hai, akafa na kuacha mayatima. Katika makala haya tutajaribu, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kueleza namna ya kuyapima madai ya aina hii, asili ya upimaji huo katika Sunna na katika vitabu vya wanazuoni, na hukumu ya fiqhi kwa mwenye kudai tiba asiyoijua.

MSINGI WA BAYYINA

Ndugu msomaji, msingi wa kwanza katika mlango wa hukumu ni kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Anayesema shamba lile ni langu, yeye ndiye atakiwaye kuleta bayyina. Jirani yake halazimiki kuthibitisha kuwa si lake. Kadhi akiligeuza jambo hili, kila mali ya watu itapotea kwa maneno matupu.

Sasa tuulize: ikiwa Sharia imeilinda mali kwa msingi huu, vipi afya na uhai? Mtu anaposema kuwa dawa yake inaondoa saratani, huyo ni mdai. Si juu ya mgonjwa kuthibitisha kuwa haiondoi. Lakini sokoni tunaona kinyume chake: muuzaji husema, "Nani amethibitisha kuwa haifanyi kazi?" na watu hunyamaza kana kwamba wameshindwa kwa hoja. Hawakushindwa. Ni mdai aliyekwepa mzigo wake akautwika kwa asiyekuwa wake.

Msingi wa pili ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mgonjwa ambaye vipimo vimeonesha kuwa dawa anayoitumia inamsaidia yuko juu ya jambo lililothibiti. Haifai aliache kwa ajili ya habari aliyoipata kwenye daladala. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Israa aya ya 36, imetukataza kufuata yale tusiyokuwa na ujuzi nayo, ikatufahamisha kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa.

SUNNA YA KUMPIMA MWENYE KUDAI GHAIBU

Huenda wengine wakadhani kuwa kumpima mtabiri ni jambo la Wazungu. Hebu tuangalie kisa cha Ibn Sayyad, kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.). Ibn Sayyad alikuwa kijana wa Madina aliyesemwa kuwa ana habari za ghaibu. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwendea, akamwambia kuwa amemfichia jambo moyoni, amtajie ni lipi. Katika baadhi ya riwaya imeelezwa kuwa lililofichwa lilihusu Sura Ad-Dukhan. Kijana yule akatoa kipande cha neno tu, "dukh", akakwama hapo. Bwana Mtume (s.a.w.) akamkemea na kumjulisha kuwa hataivuka hadhi yake.

Kisha katika hadithi hiyo hiyo limo jambo la pili lenye faida kubwa. Bwana Mtume (s.a.w.) alikwenda pamoja na Ubayy bin Kaab (r.a.) kwenye mitende alipokuwa Ibn Sayyad amelala, akijificha nyuma ya magogo ya mitende ili asikie anachokisema kabla ya kijana huyo kumuona. Mama yake akawaona, akamwita mwanawe, naye akazinduka. Bwana Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa lau mama yule angemwacha, hali yake ingedhihirika.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza ni kumficha mdai kile anachodai kukijua, kisha kumtaka akitaje. La pili ni kumchunguza pasi na yeye kujua kuwa anachunguzwa. Watafiti wa leo huyaita majaribio ya kufumba, kwa maana kwamba anayepimwa hapewi njia ya kujua jawabu isipokuwa kwa ule uwezo anaoudai.

KWA NINI WATU HUSADIKI

Tumefundishwa pia sababu ya watu kudanganyika. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha na Abu Huraira (r.a.) imeelezwa kuwa kahini huchanganya neno moja la kweli na uongo mia moja, kisha watu hulishika lile moja na kukumbushana kuwa siku fulani alituambia hivi na ikawa. Zile mia moja hakuna anayezikumbuka.

Hili ni katika maradhi makubwa ya akili ya mwanadamu: kuhesabu yaliyopata na kusahau yaliyokosa. Mtabiri anayesema kila mwisho wa mwaka kuwa "kiongozi mkubwa atafariki" hakosi kupata, kwani viongozi ni wengi na mauti hayana likizo. Mgonjwa aliyekunywa dawa ya mitishamba akapona mafua baada ya siku saba huisifu dawa, ilhali mafua huondoka yenyewe. Maumivu ya mgongo na ya viungo hupanda na kushuka; mtu huenda kwa mganga siku yamepanda sana, na yakishuka kwa kawaida yake sifa huenda kwa mganga. Aliyekwenda kwa mganga huyo huyo akafa, harudi kutoa ushuhuda.

Historia yetu imehifadhi mifano ya watabiri walioumbuka mchana. Mwaka 223 Hijria (838), Khalifa Al-Mu'tasim alipotaka kuuteka mji wa Amoria wa Warumi, wanajimu walisema kuwa wakati haujafaa. Khalifa akaenda, na mji ukatekwa. Mwaka 582 Hijria (1186) wanajimu walitangaza kuwa sayari zitakutana katika buruji ya Mizani, na kwamba utavuma upepo wa kuangamiza nchi. Mwanahistoria Ibn al-Athir aliyeishi zama hizo ameandika kuwa siku ilipofika hapakuwa na upepo wowote, hata wakulima wakachelewa kupepeta nafaka zao.

Na mfano ulio juu ya mifano yote ni wa Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Mwanawe Ibrahim alipofariki mwaka wa 10 Hijria jua lilipatwa, tukio ambalo wataalamu wa falaki wanalihesabu kuwa la tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema kuwa limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Lau angekuwa mtafuta sifa, angewaacha wadhani hivyo. Lakini alisimama akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Alikuwa katika msiba wa mwanawe, na bado hakukubali mambo mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja yafanywe sababu na matokeo.

WANAZUONI WA KALE NA UPIMAJI WA DAWA

Matabibu wa Kiislamu waliufanyia kazi msingi huu. Ibn Sina (aliyefariki mwaka 428 Hijria, 1037), katika kitabu chake Al-Qanun, aliweka kanuni 7 za kuijua nguvu ya dawa kwa tajriba. Miongoni mwa hizo ni kuwa dawa isiwe imechanganyika na sifa ya kigeni; ijaribiwe kwa maradhi mamoja na si maradhi yaliyochanganyika; uangaliwe wakati wa athari yake; athari hiyo iwe ya daima au ya mara nyingi, kwani isipokuwa hivyo huenda imesadifu tu; na ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwani ithibatikayo kwa mnyama huenda isiwe vile kwa mtu.

Kabla yake Abu Bakr ar-Razi (aliyefariki mwaka 313 Hijria, 925) ameeleza katika Al-Hawi kuwa alipowaona wagonjwa wenye dalili za kuelekea kwenye sirsam, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, aliwatoa damu baadhi yao na wengine akawaacha kwa makusudi ili alinganishe. Waliotolewa damu wakasalimika, na walioachwa wakapatwa.

Hapa pana somo la kina. Leo inajulikana kuwa kutoa damu si dawa ya maradhi hayo. Je, ar-Razi alikosea kulinganisha? Hapana, wazo la kulinganisha makundi mawili ndilo sahihi, na ndilo linalotumika mpaka leo. Kilichopungua ni kuwa tabibu mwenyewe ndiye aliyechagua nani atolewe damu na nani aachwe. Huenda waliochaguliwa walikuwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana watafiti wa sasa hugawa wagonjwa kwa kura, makundi huwa makubwa, na mara nyingi mgonjwa na daktari wote hawajui ni nani aliyepewa dawa na nani aliyepewa kidonge kisichokuwa na kitu. Tukifahamu hivyo tutajua kuwa ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli na mchaji Mungu, hautoshi kuithibitisha dawa. Ikiwa ar-Razi na hospitali nzima aliweza kudanganywa na mlinganisho usiotimia, vipi jirani yetu na chupa moja?

MAJARIBIO YA ZAMA ZILIZOFUATA

Mwaka 1784 mjini Paris, tabibu Franz Mesmer na wafuasi wake walidai kuwa upo umajimaji usioonekana unaopita katika miili, na kwamba wao huuelekeza kwa mikono na kuponya. Watu walizimia na kutetemeka mbele yao. Mfalme wa Ufaransa aliunda kamati, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwa Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier. Katika bustani, mti mmoja ulitiwa hiyo nguvu iliyodaiwa, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho na kupelekwa mti hadi mti. Alizimia kwenye mti wa nne, ambao haukuwa ule uliotiwa nguvu. Kamati ikahitimisha kuwa kutetemeka kulikuwapo kweli, lakini sababu yake ilikuwa ni mawazo ya mtu mwenyewe.

Tofauti hii ni muhimu sana kwetu. Mtu akianguka na kupiga kelele mbele ya mganga, kuanguka kwake si uongo. Kisichothibiti ni ile sababu iliyotajwa.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1998. Huko Marekani wauguzi wengi walifundishwa tiba ya kupitisha mikono juu ya mgonjwa bila kumgusa, kwa dai kuwa wanaihisi nishati ya mwili wake. Binti mdogo, Emily Rosa, aliyeanza jaribio lake akiwa na umri wa miaka 9, aliweka kizuizi mezani ili wasione, wakapitisha mikono yao miwili upande wa pili, naye akauweka mkono wake karibu na mmoja wa mikono yao kwa kurusha sarafu. Waliulizwa tu: mkono wangu uko juu ya upi? Watoa tiba 21 walijaribu mara 280, wakapata mara 123, yaani asilimia 44. Anayebahatisha tu angetarajiwa kupata kiasi cha mara 140. Matokeo yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kifaa kilichotumika hakikuzidi kipande cha ubao na taulo.

Mfano wa tatu unahusu wenye kujua majina na maradhi ya watu wasiowajua. Mwaka 1986 James Randi, mcheza mazingaombwe aliyejitolea kufichua hila za aina hii, alimchunguza mhubiri wa Marekani Peter Popoff, ambaye mikutanoni aliwaita wagonjwa kwa majina na anuani zao. Kwa kutumia chombo cha kunasa mawimbi ya redio ilidhihirika kuwa mkewe alikuwa akimsomea habari hizo, naye akazisikia kwa kifaa kidogo sikioni. Habari zilikuwa zimekusanywa kwa kadi ambazo wagonjwa wenyewe walizijaza kabla ya mkutano. Basi ewe ndugu, mganga akikutajia jina la mama yako, kwanza jiulize ni nani uliyezungumza naye pale kwenye baraza ya kusubiri.

KIKOMBE CHA LOLIONDO

Tusiende mbali. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitangaza kuwa ameoteshwa dawa. Ilikuwa ni maji yaliyochemshwa kwa mizizi ya mti uitwao mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500, kwa UKIMWI, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Watu walikuja kutoka nchi jirani, na wagonjwa kadhaa walifia njiani na katika foleni.

Hatukitaji kisa hiki kwa kumcheka mtu wa dini nyingine, kwani Waislamu nao walikuwamo katika foleni ile. Na lau chungu kile kingekuwa mikononi mwa mtu mwenye kilemba, tunachelea kuwa wengi wetu wangekitetea mimbarini.

Tulipime dai lenyewe. Ilisemwa kuwa dawa haifanyi kazi mpaka itolewe kwa mkono wake pale pale kijijini. Sharti hili lilizuia dawa kuchukuliwa na kupimwa na wengine. Tena ilisemwa kuwa uponyaji hutegemea imani. Basi asiyepona lawama ni yake, na aliyejihisi nafuu ni hoja ya dawa. Dai ambalo likipata ni kweli na likikosa ni kweli, hilo haliwezi kamwe kudhihirika uongo wake, na kwa sababu hiyo haliwezi kuthibitika ukweli wake.

Hadi leo hakuna ushahidi wa kitabibu uliothibitisha kuwa kikombe kile kiliondoa virusi vya UKIMWI katika mwili wa mtu. Lakini wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi baada ya kunywa, wakidhani wamepona. Kujihisi vizuri si kipimo cha virusi. Damu ndiyo hupimwa. Hapa ndipo uongo usiokuwa na sumu ndani yake unapoua: kikombe hakimdhuru mtu, kinachomdhuru ni kile alichokiacha kwa ajili ya kikombe.

HUKUMU YA FIQHI

Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111), katika mlango wa tawakkul wa kitabu Ihyaa, amezigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: zilizokatika kuwa zinafaa, kama maji kwa kiu, zilizodhaniwa kwa dhana yenye nguvu, kama tiba zijulikanazo kwa matabibu, na za kuwazika tu. Akaeleza kuwa kuliacha fungu la kwanza si tawakkul, bali ni haramu pale panapohofiwa mauti.

Kwa mgawanyo huu tunaona jinsi elimu inavyobadilisha fungu la dawa. Insulini ilipotolewa kwa mara ya kwanza mjini Toronto mwaka 1922 kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa taabani kwa kisukari, ilikuwa ni jaribio. Leo, kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, insulini imekaribia mno fungu la maji kwa mwenye kiu. Na Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, ilipitisha kuwa asili ya kujitibu ni jambo lililowekwa na Sharia, nako huwa wajibu pale kuacha kunapopelekea kupotea kwa nafsi au kiungo, au maradhi yanapoambukiza wengine. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa kifua kikuu atupe vidonge vyake anywe mafuta, amemwamrisha kuacha wajibu.

Ama mwenye kutibu bila ya elimu, imepokewa katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu huwa ni mdhamini. Al-Khattabi amesema hajui hitilafu katika dhamana ya mwenye kuvuka mpaka katika kutibu akamdhuru mgonjwa. Na kwa kuwa mgonjwa alitoa idhini, hapana kisasi bali pana diya, ambayo kwa kauli ya wengi hubebwa na jamaa zake. Ibn al-Qayyim ameongeza ufafanuzi katika Zad al-Maad: mgonjwa akijua kuwa mtu yule ni mjinga na bado akamruhusu, hakuna dhamana, lakini akidanganywa akadhani ni mjuzi, dhamana ipo. Basi koti jeupe la bandia, cheti cha kuchora na cheo cha "daktari" kwenye bango ni katika yanayomfunga mtu dhamana hiyo mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama hakuna aliyemshitaki duniani.

Dola za Kiislamu zililitekeleza jambo hili. Mwaka 319 Hijria (931) mgonjwa alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamrisha kuwa asitibu mtu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, na watu zaidi ya 860 wakatahiniwa.

SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Shubuha ya kwanza: huenda mtu akasema kuwa kwa maneno haya tunaipinga tiba ya Mtume (s.a.w.). Jawabu letu ni kuwa sivyo. Asali, habbasoda na hijama vimethibiti katika hadithi sahihi, nasi tunavipenda. Lakini hadithi ya habbasoda iliyotaja kila maradhi, al-Khattabi na wengineo wameifasiri kuwa ni neno la jumla lililokusudiwa jambo mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya mmea huo huyafaa. Hitilafu iko pia katika asili ya mlango huu: Ibn al-Qayyim ameutukuza mno, na Ibn Khaldun katika Muqaddima ameona kuwa mengi ya matibabu hayo ni desturi ya Waarabu na si sehemu ya wahyi, akitolea dalili kisa cha kupandikiza mitende. Lolote tulichukualo kati ya hayo, hapana mwanachuoni aliyesema kuwa mfanyabiashara ana ruhusa ya kuongeza maradhi kwenye karatasi ya chupa kisha akamsingizia Mtume (s.a.w.).

Shubuha ya pili: na ruqya je? Tunasema ruqya ni haki kwa masharti aliyoyataja Ibn Hajar: iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina na sifa zake, iwe kwa Kiarabu au kwa lugha inayofahamika maana yake, na iaminiwe kuwa haiathiri kwa dhati yake. Ruqya ni dua. Dua haina hati ya dhamana, haina bei ya "jini mmoja" na "majini saba", wala haimtaki mgonjwa wa kifafa aache vidonge vyake. Mwenye kusoma kwa ikhlasi hukuambia nenda hospitali, na mimi nakuombea.

Shubuha ya tatu: sayansi nayo hukosea. Ni kweli. Dawa iitwayo thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 na ikaondolewa sokoni mwaka 1961, baada ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyopungua. Hesabu yao duniani inakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Lakini ni nani aliyelifichua kosa lile? Ni madaktari waliohesabu watoto na kulinganisha. Kipimo hiki hakimpendelei mwenye koti jeupe, naye pia ni mdai na bayyina ni juu yake.

Shubuha ya nne: mnadharau miti shamba ya wazee wetu. La hasha. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipekua vitabu vya tiba ya kale vya nchi yake, akaujaribu mmea wa qinghao, na mwaka 1972 dawa iitwayo artemisinini ikapatikana. Ndiyo iliyomo katika dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati zetu, naye alipewa Nishani ya Nobel mwaka 2015. Mmea ule haukudharauliwa kwa kupimwa, bali kupimwa ndiko kulikoufanya uokoe watu wa mabara yote. Nayo Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 ili waganga wasajiliwe na dawa zao zijulikane. Mganga mkweli hana cha kuhofu. Kinyume chake, zipo tiba zilizokuja kwetu kwa majina ya kizungu zilizopimwa zikashindwa, kama homeopathi, ambayo baraza la utafiti wa afya la Australia lilihitimisha mwaka 2015 kuwa hakuna maradhi yenye ushahidi wa kuaminika kuwa inayatibu.

MASWALI YA KUMUULIZA MDAI

Tumalizie kwa maswali ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuyauliza kabla ya kufungua mkoba:

1. Dawa hii inatibu maradhi gani hasa? Akitaja kila kitu, hajataja kitu.

2. Ni wangapi waliotumia, wangapi walipona, na wangapi hawakupona? Akiwajua waliopona tu, hajahesabu.

3. Je, kupona kulithibitishwa na kipimo cha hospitali kabla na baada?

4. Mashine yako ikimpima mtu mmoja mara mbili, kwa majina mawili na bila wewe kumuona, itatoa majibu yale yale?

5. Je, unanitaka niache dawa ya daktari? Hapa hapana haja ya swali la sita. Ondoka.

Na maimamu wetu tunawausia wafanye jambo moja jepesi: kila anayetaka kutangaza dawa baada ya sala ya Ijumaa, kwanza aulizwe maswali haya mbele ya watu watatu wenye elimu ya afya katika mtaa. Msikiti una heshima katika nyoyo za watu, na kila chupa inayouzwa mlangoni pake huazima heshima hiyo. Mgonjwa anayeamini kwa sababu ya mlango aliosimama muuzaji, dhamana yake haimwepuki mwenye funguo za mlango huo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, atuoneshe haki tuifuate na batili tuiepuke. Wabillahi tawfiq.